Mwenzako Akinyolewa

Mtu wa rika langu akisema kwamba amekaa jioni nzima akitazama mieleka ya kulipwa, tena ya wanawake, wenzake humwonea huruma. "Mwalimu, si unajua yale ni maigizo?" Najua. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika chuo cha ualimu, na miongoni mwa mambo niliyowafundisha walimu watarajiwa ni namna ya kutumia maigizo darasani. Kwa hiyo neno hilo halinitishi. Hakuna mtu atokaye kwenye tamthilia akidai arudishiwe nauli yake kwa sababu aliyeuawa jukwaani ameonekana nyuma ya pazia akinywa chai. Tukishakubali kwamba ni maigizo, ndipo kazi ya mhakiki inapoanza: yameigiza nini, kwa ustadi gani, na yamemwachia nini aliyeyatazama?

Nataka kuyauliza maswali hayo juu ya mwanamke mmoja wa Japani aitwaye Chigusa Nagayo. Wasomaji wengi hawatakuwa wamelisikia jina hili. Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994, wengi wetu tuliijua mieleka ya kulipwa kupitia kanda za video za Wamarekani wenye vifua kama madebe. Kule Japani mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1980 waliokuwa wakijaza kumbi si wanaume waliotoka kazini. Walikuwa wasichana wa shule, maelfu kwa maelfu, na waliyekwenda kumtazama ni msichana aliyewazidi umri kwa miaka michache tu.

Nagayo alizaliwa tarehe 8 Desemba 1964 katika mji wa Omura, mkoa wa Nagasaki, akakua akijifunza karate. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika kampuni ya mieleka ya wanawake iliyojulikana kwa kifupi kama Zenjo, ambayo ilianzishwa mwaka 1968 na kuendeshwa na ndugu wa ukoo wa Matsunaga. Sheria za nyumba hiyo zingemfaa hata mkali wa mabweni wa enzi zetu. Msichana hakuruhusiwa kunywa pombe, wala kuvuta sigara, wala kuwa na mwanamume. Na juu ya hayo palikuwa na desturi nyingine nzito zaidi: akifikia miaka 25 au 26 alitakiwa kuondoka, hata kama bado ana nguvu na bado anapendwa.

Mieleka ya wanawake ilikuwa imepata msukumo Japani mwaka 1954, pale bingwa wa Kimarekani Mildred Burke alipofanya ziara huko pamoja na wenzake. Kwa miaka mingi watazamaji walikuwa wanaume, na sababu iliyowapeleka si ngumu kuikisia. Mageuzi yalikuja mwaka 1976. Wasichana wawili wa Zenjo, Jackie Sato na Maki Ueda, waliunganishwa wakaitwa Beauty Pair, wakapigana na kuimba nyimbo ulingoni, na ghafla viti vikajaa wanafunzi wa kike. Hao wawili walipoondoka kampuni ilitafuta warithi, na mwaka 1983 ikawaunganisha Nagayo na mwenzake wa kundi lile lile la 1980, Lioness Asuka. Wakaitwa Crush Gals. Nao waliimba, wakatoa sahani za muziki, wakaonekana kila wiki katika televisheni.

Hapa naomba tulinganishe, maana uhakiki bila kulinganisha ni sifa tupu. Ukiwatazama wawili hao kwa jicho la mwalimu wa michezo, Asuka ndiye mwenye nguvu zaidi na mbinu zilizonyooka. Anashika vizuri, anatupa vizuri, hapotezi hatua. Nagayo anapiga mateke yake ya karate kwa hasira ya kweli, lakini kipaji chake hasa hakimo katika kupiga. Kimo katika kupigwa. Namna anavyoanguka, namna anavyokaa chini muda ule mdogo kabla ya kuinuka, namna anavyomtafuta kwa macho mtu wa kumsaidia kisha akaacha kumtafuta: vitu hivyo mtazamaji wa kiti cha mwisho kabisa huviona na kuvielewa. Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa, na kumfanya mtu aonekane ameshinda si kazi kubwa. Kumfanya mtu mwingine aonekane amekushinda, na watazamaji waumie pamoja nawe, hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Fundi huhitaji fundi mwenzake. Wa Nagayo alikuwa Dump Matsumoto, aliyezaliwa mwaka 1960 na kuingia kazini mwaka ule ule wa 1980. Alikuwa mnene katika kundi la wasichana waliotakiwa kuwa warembo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua amfanye nini. Basi akajipaka rangi usoni, akachukua mnyororo na fimbo ya mwanzi, akakusanya genge lake na kuwa mwovu wa taifa zima. Wasichana walimchukia kwa chuki isiyokuwa ya mchezo. Mtu aliyekubali kuchukiwa hivyo ili mwenzake apendwe anastahili nusu ya sifa zote nitakazozitaja hapa, na katika nusu hiyo sina ubishi na mtu.

Tarehe 28 Agosti 1985, katika ukumbi wa Osaka-jo mjini Osaka, wawili hao walikutana kwa sharti moja: atakayeshindwa atanyolewa nywele hapo hapo ulingoni. Mjukuu wangu alinitafutia rekodi yake katika intaneti, nami nimeitazama mara nyingi kuliko alivyotarajia. Si pambano la kupendeza. Genge la Dump linaingilia kati, mwamuzi anaegemea upande wa waovu waziwazi, na damu inatiririka usoni mwa Nagayo hadi mtu anatamani lisimamishwe. Anajaribu kuinuka, anaangushwa, anajaribu tena. Mwishowe anashindwa. Kisha wanamshika, na Dump anamnyoa mbele ya watu wote.

Sauti ya ukumbi ule ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nimeishi na wasichana mabwenini miaka mingi, nazijua sauti zao: ya kushangilia, ya kuogopa, ya kulia kwa kuigana kama ilivyo ada ya umri huo. Ile ya Osaka si mojawapo ya hizo. Kamera inapita katika nyuso zao na unaona watoto wanaolia kama wanaolia msibani, wengine wakiita jina la yule anayenyolewa kana kwamba kuitika kwake kungemwokoa.

Wahenga wetu walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tunaitumia methali hii kama onyo la mjanja: jiandae, zamu yako yaja. Lakini itazame tena kwa macho ya ukumbi ule. Aliyekuwa akinyolewa alikuwa mwenzao kweli, si malkia wa mbali. Alikuwa na miaka 20. Alikuwa amekata nywele fupi kama mvulana, na wao wakazikata za kwao kumfuata. Nasi tunajua uzito wa nywele. Katika shule zetu nyingi za serikali msichana huingia darasani akiwa na nywele zilizokatwa hadi karibu na ngozi, na katika baadhi ya makabila yetu mtu hunyoa anapofiwa. Kichwa kilichonyolewa na mkono wa mwingine kinasema: wewe si wako. Wale wasichana walikuwa wametia maji tayari, nayo yalikuwa machozi.

Zamu gani waliyoiogopa? Mwaka ule ule wa 1985, mwezi Mei, bunge la Japani lilipitisha sheria ya fursa sawa za ajira kwa wanawake na wanaume, iliyoanza kutumika Aprili 1986. Sheria ile ilikataza kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ameolewa au amejifungua. Ukiona jambo linakatazwa kwa sheria, ujue lilikuwa likitendeka. Lakini katika kuajiri na kupandisha vyeo iliwataka waajiri wajitahidi tu, bila kuwalazimisha. Desturi ya maofisi mengi ilikuwa kwamba msichana hufanya kazi miaka michache, huwatilia wakubwa chai, huolewa, huondoka. Kwa maneno mengine, ile desturi ya Zenjo ya kuondoka ukifika miaka 25 haikuwa ya ajabu. Ilikuwa desturi ya nchi, ila ndani ya ulingo ilionekana waziwazi. Msichana wa miaka 14 aliyeketi Osaka hakuwa amesoma sheria yoyote, lakini alijua kwamba pana mahali mbele yake ambapo watu wengine wameshaamua matokeo. Alipomwona Nagayo akipigana kwa nguvu zote katika pambano ambalo lisingemalizika kwa ushindi wake, hakudanganywa. Alionyeshwa.

Hii ndiyo hoja yangu, nami naisimamia: kushindwa kule ndiko kazi kubwa kuliko zote alizozifanya Nagayo, kuliko mikanda yote aliyoivaa.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na mengine nimejisemea mwenyewe. Kwanza, kwamba lile lilikuwa biashara. Ni kweli. Machozi yale yaliuzwa kwa tiketi na kwa matangazo ya televisheni, na wenye kampuni hawakuwa wakifikiria hatima ya mwanamke wa Kijapani. Pili, kwamba si vema kuwaonyesha watoto mambo ya damu. Hili linanisumbua zaidi. Kama ningekuwa mkuu wa shule mjini Osaka mwaka ule na mwanafunzi akaniomba ruhusa ya kwenda, sidhani kama ningempa. Lakini mhakiki haulizwi kama kazi ingepitishwa na bodi ya shule. Anaulizwa kama kazi ilisema kweli. Hadithi nyingi tunazowasomesha watoto zina damu zaidi, na kweli kidogo zaidi.

Ushahidi wangu ni pambano la marudiano. Mwaka 1986, mwezi Novemba, walikutana tena kwa sharti lile lile. Mara hii Nagayo alishinda na Dump akanyolewa. Haki ilitendeka, watu walishangilia, hesabu ikafungwa. Na bado pambano hilo ni hafifu mbele ya lile la kwanza. Ni sawa na ukurasa wa mwisho wa vitabu vile ambapo mwovu hukamatwa kwa sababu tu kurasa zimekwisha. Kumnyoa Dump hakukurudisha kitu chochote alichopoteza Nagayo, wala hakukubadilisha ile desturi ya miaka 25, ambayo ilikuwa ikimngoja yeye pia.

Naam, ilimfikia. Dump alistaafu Februari 1988. Nagayo alifanya pambano la kumuaga Mei 1989 katika ukumbi wa Yokohama Arena, akiwa na miaka 24, na Asuka akafuata mwaka huo huo. Fikiria, msomaji: katika umri ambao walimu wangu wengi walikuwa ndio kwanza wanashika chaki, yeye aliambiwa amezeeka. Kama maisha yake ya kazi yangeishia hapo, ningemhesabu kuwa nyota aliyeng'aa upesi na kuzimika, na nisingekuwa na sababu ya kuandika kurasa hizi.

Lakini alirudi. Mwaka 1993 alipanda tena ulingoni, na kwa kurudi kwake akawa mmoja wa walioizika ile desturi, maana huwezi kumwambia msichana kwamba mwisho ni miaka 25 wakati mwenye miaka 28 anajaza ukumbi mbele ya macho yake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa sababu ya kazi yangu, nalipima kwa mizani yake peke yake: akafungua kampuni iliyoitwa GAEA Japan na kuanza kufundisha. Onyesho lake la kwanza lilikuwa tarehe 15 Aprili 1995 katika ukumbi wa Korakuen, Tokyo. Miongoni mwa wanafunzi waliopanda ulingoni siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa Meiko Satomura, msichana wa miaka 15 kutoka Niigata.

Nimewatazama wanafunzi wale wa kwanza kama ambavyo ningewatazama walimu wangu katika mazoezi ya kufundisha. Mtu huweza kumjua mkufunzi kwa kuwatazama aliowakufunzi. Sikuona wasichana wanaomwigiza Nagayo. Niliona wasichana wanaoanguka kwa usalama, wanaoinuka kwa wakati, wanaojua kumsikiliza mwenzao hata katikati ya vurugu. Satomura alikuja kuwa mwanamieleka wa aina nyingine kabisa na mwalimu wake, mkali na mwenye maneno machache, na baadaye naye akawa mwanzilishi wa kampuni huko Sendai na mwalimu wa wengine. Alistaafu tarehe 29 Aprili 2025, baada ya miaka 30 ulingoni. Linganisha miaka 30 hiyo na ile tisa aliyoruhusiwa Nagayo kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo penye jibu la kunyolewa kule, wala si katika marudiano ya 1986.

Sitaki msomaji adhani namsifu kwa kila kitu. Nusu ya pili ya kazi yake ina dosari ambayo sisi wakuu wa vyuo tunaifahamu vizuri: mwasisi ni mzito mno kuondoka mbele. Kampuni ilikuwa yake, jina lililovuta watu lilikuwa lake, na pale Asuka alipojiunga, ugomvi wa zamani wa Crush Gals ulirudi kuwa mlo mkuu. Watazamaji wa zamani walifurahi, nami nikiyatazama mapambano hayo nafurahi pia, maana wote wawili walikuwa wamejifunza kufanya mengi kwa mwendo mdogo. Lakini vijana walikuwa wanangoja nyuma ya pazia. Shule inayomtegemea mwalimu mmoja huugua akiugua. GAEA ilifungwa Aprili 2005. Hata hivyo Nagayo hakuacha kazi ya kufundisha: mwaka 2014 alianzisha kampuni nyingine, Marvelous, akaanza tena na wanafunzi wapya.

Pana kisa kimoja kilichotokea nje ya ulingo, nacho kiliripotiwa na vyombo vya habari. Novemba 2018, mjini Sapporo, Nagayo alimwona mwanamume akimpiga mwanamke, akaingia kati kumzuia. Alivutwa nywele na kuumizwa kidole. Alikuwa na karibu miaka 54, mwenye uwezo wa kumlaza mtu yule chini kabla hajamaliza sentensi. Hakumrudishia. Alieleza kwamba mwanamieleka wa kulipwa hawezi kutumia ujuzi wake dhidi ya raia. Wale wanaosema "yale ni maigizo tu" wangefaa kukitafakari kisa hiki. Miaka karibu 40 ya kujifunza kupokea kipigo kwa niaba ya watazamaji ilimpa mwanamke huyu nidhamu ambayo wengi wanaojiita wanaume hatuna: kusimama kati ya mpigaji na mpigwa, na kuyapokea maumivu bila kuyapitisha kwa mwingine.

Septemba 2024 ulitoka mchezo wa televisheni wa sehemu tano uitwao The Queen of Villains, unaosimulia habari za Dump Matsumoto. Nagayo mwenyewe alisimamia mafunzo ya mieleka ya waigizaji, na Erika Karata, aliyeigiza nafasi ya Nagayo, alinyolewa nywele zake halisi katika tukio la Osaka. Ni kazi nzuri na naipendekeza kwa watu wazima. Lakini kuna kitu ambacho mchezo ule haukuweza kukirudisha, pamoja na mpangilio wake wote na fedha zake zote. Wasichana waliolipwa kulia walilia vizuri. Wale wa mwaka 1985 walikuwa wamelipa kuingia, na hawakujua kwamba wangelia namna ile.

Wasichana hao leo ni wanawake wa miaka 50 na zaidi. Yumkini baadhi yao walitiliwa chai badala ya kuitia, na wengine waliondoka maofisini kama ilivyotarajiwa. Mhakiki hana njia ya kupima hayo, wala hapaswi kuyadai kutoka kwa mchezo wa dakika chache. Kinachoweza kusemwa kwa hakika ni hiki: aliyenyolewa mbele yao hakujificha hadi nywele ziote. Alirudi kazini na kichwa chake kikiwa wazi, na alipopata ulingo wake mwenyewe, akawafundisha wengine namna ya kuanguka na kuinuka. Hadi ninapoandika haya, bado anafundisha.